Pahala pa Kunyanyulia

Si hapo, anasema mama, na tochi hajaiwasha.
Toa hiyo jeki. Si hapo.

Ni baada ya alasiri, Ibra, mwezi wa sita,
lami ya uwani imelainika kama halua isiyoshika,
na Kresida ya baba, ya themanini na nne,
imeinama upande mmoja, inasikiliza.
Gurudumu la nyuma, la kushoto, limekaa bapa.
Mwaka na miezi mitatu haijatoka getini.

Mama hajaendesha gari hata siku moja.
Lakini miaka thelathini alikuwa mshika tochi,
na mshika tochi huona anakomulika.
Leo kakalia ndoo iliyopinduliwa,
ananielekeza kwa Kiswahili cha Wete,
nami namjibu nusu Kiarabu,
ila "kabari", ambayo naijua kwa lugha yake tu.

Vuta breki ya mkono. Usiiamini.
Tia gia. Nayo usiiamini.
Lete mawe ya wadi, ya bapa, si ya duara,
yakabari gurudumu la mbele, mbele na nyuma.
Nati zilegeze sasa, gurudumu lingali limeshika ardhi.

Napanda juu ya spana kwa mguu. Nati ya tatu inalia.
"Mwache alie," anasema. "Wa nne ndiye mkaidi."
Kweli.
Wa nne.

Chini ya jeki, ubao:
mlango wa kabati la shangazi Thuweba,
kufuli yake bado ipo.
Bila ubao, lami ya joto hili
ingeimeza jeki taratibu, na gari juu yake.

Natambaa. Kutu inanidondokea kwenye nyusi.
Umeuona ukingo wa chini, uliokunjwa kama upindo wa kanzu?
Nimeuona.
Una mikato miwili midogo, imeachana vidole vinne?
Sioni.
Nafuta vumbi kwa kidole gumba.
Naiona.
Baina yake. Papo.
Sampo usiiguse. Sakafu usiiguse,
sakafu ya gari hili siku hizi ni karatasi.

Kiganja changu kimekuta kitu,
shubiri moja nyuma ya mikato:
mbonyeo, upana wa kikombe cha kahawa,
rangi imepasuka, kutu imeweka makazi.
"Na hapa pamefanya nini?"
Mwanga wa tochi unatikisika. Hajibu.

Napiga mkono wa jeki. Springi zinaguna,
mlango unalia kidogo katika fremu yake,
gurudumu linaachana na ardhi,
nafasi ya kupitisha karatasi, kisha kidole, kisha ngumi.
Nataka kuingia chini. Ananishika shati.

Jeki ni ya kunyanyulia, si ya kushikilia.
Weka stendi. Teremsha mpaka ibebe.
Sasa lisukume gari. Kwa nguvu!
Kama la kuanguka, lianguke hakuna mtu chini.

Halikuanguka.

Nilipokuwa nakaza nati, ruka moja, kaza,
ruka moja, kaza, mpaka nyota ikatimia,
ndipo aliposema:

"Baba yako alifanya haraka mara moja tu katika umri wake.
Njia ya Sinaw, usiku, pancha,
mimi kiti cha nyuma na maji yamekwisha kupasuka.
Akapachika jeki pale alipopapasa.
Chuma kikaguna, kikaingia ndani."

"Tochi alishika nani?"

"Mimi. Mkono mmoja tochi, mmoja tumbo.
Kila ulipopiga teke, mwanga ukaruka.
Angeonaje?"

Nikasema nitalipeleka Sanaiya,
fundi atalinyoosha kwa riali tano.

Akazima tochi. Akainuka, akairudisha ndoo wima.
"Likwangue kutu, ulipake rangi, lisizidi kuliwa.
Kunyoosha, nani amekutuma?
Kanawe. Kahawa inapoa."